Norton Juzuu A na B: Kiingereza cha kale kwa sikio la Mvita

Wanaosoma fasihi ya Kiingereza hapa Pwani hufika mahali wakaambiwa "tafuta Norton," basi. Hawaambiwi juzuu ipi wala toleo lipi, na tofauti si ndogo. Mkusanyo huu wa fasihi ya Kiingereza, The Norton Anthology of English Literature, ulitoka mara ya kwanza mwaka 1962 chini ya M. H. Abrams. Kuanzia toleo la 8, la mwaka 2006, mhariri mkuu ni Stephen Greenblatt. Toleo la 9 ni la 2012 na la 10 ni la 2018. Matoleo haya yamekatwa juzuu sita zenye herufi. A ni Enzi za Kati, B ni karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17. Mbili hizo ndizo tunazozipima hapa, maana ndizo zinazobeba safari nzima tangu nyimbo za mwanzo za Kiingereza, kupitia Chaucer, mtunzi wa Hadithi za Canterbury, na Renesansi, hadi Milton.

Hukumu ni hii: A ina thamani ya kila shilingi, hata jalada likiwa limechoka. B ni nzuri pia, ila sehemu kubwa ya kilichomo hupatikana bure mtandaoni, tena kwa herufi kubwa kuliko hizi. Mwenye pesa za kitabu kimoja achukue A. Mwenye za viwili asubiri B ya mkono wa pili, asikimbilie mpya.

Sababu ya kuipa A nafasi hiyo ni ukurasa wenyewe. Neno gumu limetiwa kiduara kidogo, kama alama ya nyuzi joto, na maana yake imeandikwa pambizoni upande wa kulia, mstari uleule. Yenye maelezo marefu, kama desturi za watawa, majina ya watakatifu au mizaha iliyokwisha ladha, yameteremshwa chini kwenye tanbihi zenye nambari. Jicho linatoka kwenye neno, linagusa pambizo, linarudi. Ukisoma Chaucer katika chapa isiyo na kitu pambizoni, kila mstari unakupeleka kwenye faharasa ya nyuma, na ukifika mstari wa 20 umeshasahau anazungumzwa nani.

Karatasi ni nyembamba mno, zile za Biblia ya mfukoni. Kalamu ya wino huota upande wa pili, na ile ya rangi ya kung'arisha maneno huharibu kurasa mbili kwa mkupuo. Tumia penseli ya HB isiyochongwa kali, na usikandamize. Jasho nalo lina kesi yake: kiganja kilicholowa kikilala juu ya ukurasa mchana wa Februari, karatasi hujikunja na haitanyooka tena. Weka kipande cha karatasi nene chini ya mkono unapoandika.

Sikio unalo tayari

Hapa ndipo msomaji wa Mombasa anapoutangulia umati, na Norton haimwambii. Utangulizi wa Juzuu A unaeleza matamshi kwa kuyalinganisha na maneno ya Kiingereza cha leo, na kwa Mmarekani hilo linatosha. Kwa Mswahili ni kuzunguka Kongowea kwenda Makupa. Kati ya mwaka 1400 na 1700, kwa makadirio, irabu ndefu za Kiingereza zilihama nyumba, tahajia ikabaki palepale. Chaucer alifariki mwaka 1400, kabla ya kuhama huko. Kwa hiyo a yake ni a, e yake ni e, i yake ni i, kama tunavyozisoma sisi. Neno "name" ni naa-me. "Time" ni tii-me. "Hous" ni huus. Neno "knight" hutamkwa konsonanti zote: k, n, kisha i, kisha kh kama ya Khamisi lakini laini zaidi, kisha t. Mwanafunzi wa London hujifunza haya kwa wiki mbili. Hapa ni suala la kuambiwa tu kwamba inaruhusiwa.

Chukua mistari miwili ya mwanzo ya Hadithi za Canterbury, kwa tahajia ya miswada:

Whan that Aprill with his shoures soote
The droghte of March hath perced to the roote

Zihesabu kama unavyohesabu mizani za shairi. Mstari wa kwanza: whan, that, a, prill, with, his, shou, res, soo, te. Kumi. Wa pili: the, drogh, t'of, march, hath, per, ced, to, the, roo, te. Kumi na moja. Ona kilichotokea kwenye "droghte of": ile e ya mwisho imekutana na irabu inayofuata, ikamezwa. Lakini katika "soote" na "roote" haimezwi, kwa sababu ipo mwishoni na ndiyo inayobeba kina. Kanuni nzima ya e ya mwisho imo mumo humo: itamke, isipokuwa ikifuatwa na irabu au h dhaifu. Anayeiacha kimya kila mahali, kama inavyofanywa katika Kiingereza cha leo, hupata mistari ya mizani nane na tisa, kisha anasema Chaucer hakujua kupima.

Makosa mawili huwapata Waswahili hasa. La kwanza ni kuitamka ile e kwa nguvu zote kama e ya "pole". Chaucer anataka e ndogo, iliyolegea. La pili ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huubeba mkazo huo kila tuendako. Katika "corage" na "nature" utapatia, kwa kuwa maneno hayo ya Kifaransa bado yana silabi tatu: co-RA-ge, na-TU-re. Katika "vertu" na "licour" utakosea, kwa sababu mkazo uko mwisho: ver-TU, li-COUR. Ukikosea hapo, kina cha "licour" na "flour" kinaanguka.

Sentensi ya kwanza ya Dibaji ya Hadithi hizo ina mistari 18. Isome yote kwa sauti kabla ya kugusa maana hata moja pambizoni. Mwishoni utakuta "seke" na "seeke" zimefanywa vina: la kwanza ni kutafuta, la pili ni kuugua. Sauti moja, maana mbili, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Aliyekua akisikia mashairi ya Muyaka hatahitaji tanbihi imweleze kwamba huo ni ufundi na si uvivu.

Dibaji ina mistari 858. Mistari 40 kwa siku inaimaliza ndani ya siku 22, na kwa kasi hiyo hutachoka. Siku ya kwanza itakula saa nzima. Ukifika wiki ya tatu, mistari 40 ni dakika 20. Baada ya hapo hadithi za Mke wa Bath, Msamehevu na Msaga Nafaka zinasomeka kwa kituo. Katika matoleo mengi ya zamani ya Norton, tahajia ya Chaucer imenyooshwa ili neno liandikwe namna moja kila mara, hivyo usishangae kukuta "April" na "droughte". Si kosa la chapa. Ila ukinukuu katika kazi ya chuo, taja ni toleo lipi, maana mhadhiri mwenye chapa nyingine mkononi atadhani umeandika ovyo.

Jambo dogo linalookoa alama nyingi: nukuu kwa nambari ya mstari, si kwa ukurasa. Kurasa hubadilika toleo hadi toleo. Mistari ya Chaucer haibadiliki.

Inapopungua

Norton inakupa Chaucer kwa lugha yake, lakini vitu vitatu vikubwa vya Juzuu A umepewa tafsiri tu: Beowulf, Sir Gawain na maono ya Piers mkulima. Kwa Piers hatulalamiki sana. Kwa Beowulf tunalalamika.

Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha Kale, ina mistari 3,182 na imetufikia katika mswada mmoja tu, ulioandikwa karibu na mwaka 1000. Mwaka 1731 moto ulizuka katika Ashburnham House, London, ulimokuwa umehifadhiwa, ukaunguza kingo zake. Herufi za pembeni ziliendelea kumeguka hata baada ya moto kuzimwa, ndiyo maana nakala za msomi Thorkelin za mwaka 1787 zinathaminiwa: aliona herufi ambazo leo hazipo. Mtu wa Pwani aliyewahi kushika karatasi kuukuu za tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, huku mchwa wamekula pembe, anajua hali hiyo bila kuchorewa.

Kuanzia toleo la 7, la mwaka 2000, Norton inatumia tafsiri ya ushairi ya Seamus Heaney. Ni tafsiri yenye nguvu. Ila ni Heaney anayesikika humo, Mwairishi wa karne ya 20, na neno lake la kwanza ni "So". Matoleo kadhaa ya kabla yake, hadi la 6, yalitumia tafsiri ya nathari ya E. Talbot Donaldson, kavu kama mkate wa jana, lakini inayofuata neno kwa neno. Kwa anayetaka kujifunza lugha yenyewe, ile kavu inafaa zaidi. Na kwa kuwa toleo la 6 ni la mwaka 1993, wauzaji huliona takataka. Ukilikuta, likamate.

Tafsiri yoyote kati ya hizo huficha mshono wa ubeti. Mstari wa Beowulf umekatwa vipande viwili na kituo katikati, kama ukwapi na utao. Lakini haufungwi kwa kina, wala haupimwi kwa mizani 16. Una mikazo minne, miwili kila kipande, na kinachoshona vipande viwili ni sauti ya mwanzo ya maneno yenye mkazo. Fundi ni mkazo wa tatu, wa kwanza katika kipande cha pili: sauti yake ndiyo inayoamuru. Mkazo wa kwanza au wa pili, au yote miwili, lazima uitikie. Wa nne hauruhusiwi. Tazama:

þeodcyninga, þrym gefrunon

Kipande cha kwanza kinaanza na þ, cha pili nacho kinaanza na þ. "Gefrunon" mwishoni iko huru. Irabu yoyote huitikia irabu yoyote nyingine, lakini sp, st na sc kila moja huitikia ya aina yake tu. Mshairi wa Mvita aliyezoea kusikiliza mwisho wa mshororo itabidi aligeuze sikio lake lielekee mwanzoni. Hilo ndilo zoezi, na tafsiri haitakupa.

Herufi ni nyepesi kuliko zinavyoonekana. Sauti ya þ na ð ni th ya "thelathini" na dh ya "dhahabu". Hapa Mswahili huona raha mapema mno akaamua þ ni th na ð ni dh. Sivyo. Waandishi wa zamani walizitumia zote mbili kwa sauti zote mbili. Kinachoamua ni mahali: mwanzoni au mwishoni mwa neno soma th, katikati ya irabu soma dh. Basi "þæt" inaanza na th, na "oðer" ni odher. Herufi g katikati ya a, o au u ni gh ya "ghali", hivyo "dagas" ni da-ghas. Mbele ya e au i mara nyingi ni y, hivyo "geardagum" huanza na ye. sc ni sh, na "scip" ni ship. h mbele ya t ni kh. Herufi æ iko kati ya a na e. Pekee isiyo na ndugu Uswahilini ni y: kunja midomo kama unasema u, kisha sema i. Ukitaka kuziandika kwenye simu, ongeza kibodi ya Kiaislandi, utazipata þ, ð na æ mbele yako. Ile ȝ ya Enzi za Kati utainakili kutoka mahali.

Dawa ya upungufu huu imo ndani ya Norton yenyewe, ila wengi hupita juu yake. Mapema katika Juzuu A kuna kisa cha mshairi Caedmon kilichoandikwa na mtawa Beda, na ndani yake wimbo wa mistari tisa kwa Kiingereza cha Kale, na maana chini ya kila neno. Mistari tisa tu. Ihifadhi kwa moyo, na tia alama za mikazo minne kila mstari kwa penseli. Mwenye mistari hiyo tisa kichwani akiifungua Beowulf ya Heaney atasikia kilichokosekana.

Sir Gawain ni kesi nyingine. Aliyeitunga aliishi zama za Chaucer, lakini kaskazini-magharibi ya kati ya Uingereza, na lahaja yake humtoa jasho hata Mwingereza. Mfano wa karibu: Mvita husema mato na kitwa pale Mwunguja anaposema macho na kichwa, na Kiingereza nacho kina "kirk" ya kaskazini kando ya "church" ya kusini. Zidisha tofauti hizo kwa kila mstari katika mistari 2,530, uongeze msamiati wa uwindaji na silaha. Toleo la 9 lina tafsiri ya Simon Armitage, inayoshika sauti za mwanzo vizuri. Beti ni 101. Beti tano kwa siku zinamaliza kazi ndani ya wiki tatu. Kila ubeti unaishia na kamstari kafupi mno kisha mistari minne mifupi yenye vina, na hapo ndipo mshairi anapokonyeza. Ukikimbia utaipoteza mikonyezo yote.

Yaliyobaki katika A tutayapita haraka. Mchezo wa York wa kusulubiwa Yesu ni mfupi na wa kutisha. Ulichezwa na chama cha mafundi misumari, wakigombana jukwaani juu ya matundu yaliyotobolewa mahali pasipo. Kitabu cha Margery Kempe, ambacho mswada wake uligunduliwa mwaka 1934, usiuruke, hata kama silabasi yako imeuruka.

Maneno ya kuogopa si yale yenye kiduara. Ni yale yanayofanana na ya leo, na pambizo wakati mwingine huyaacha. "Lewed" kwa Chaucer ni asiyesoma, si mchafu wa tabia. "Nice" ni mpumbavu. "Wood" inaweza kuwa mwendawazimu. "Clerk" ni msomi wa chuo. Ukifika Juzuu B, "presently" ni sasa hivi, na "let" inaweza kumaanisha kuzuia, kinyume kabisa cha leo. Tenga ukurasa wa mwisho wa daftari kwa maneno hayo tu. Ukifika 30 utakuwa umeziba matundu mengi.

Juzuu B

B ni nene na imejaa, na humo ndimo mazoea yetu ya ushairi yanapopata mtihani wa kweli. Soneti kwanza. Wyatt na Surrey walizichukua kutoka Italia, na mwaka 1557 mchapishaji Tottel akazitoa kitabuni, huku akizinyoosha mizani za Wyatt mahali zilipomkera. Za Shakespeare, 154, zilitoka mwaka 1609: mistari 14, vina ab ab, cd cd, ef ef, kisha gg. Ile gg ya mwisho ni kama kituo cha shairi, na msomaji wa Mombasa hukitambua kabla hajaambiwa.

Mgogoro ni huyo Surrey tena. Alipofasiri sehemu za Virgil aliacha vina akabaki na mizani peke yake, na njia hiyo ndiyo Marlowe, Shakespeare na Milton waliyoifuata. Kwa sikio la jadi la hapa, tungo isiyo na vina ni guni. Milton alilaumiwa vivyo hivyo. Paradise Lost ilitoka mwaka 1667 ikiwa na vitabu kumi, na mwaka uliofuata akalazimika kuongeza maelezo mafupi ya kutetea kwa nini haina vina. Norton inayo maelezo hayo pamoja na utenzi mzima wa vitabu kumi na viwili, kama alivyoupanga upya mwaka 1674. Soma maelezo hayo kabla ya mstari wa kwanza. Kisha msome Nyerere, aliyefasiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969 bila kutafuta vina. Hapo utasikia mstari huo ukitembea kwa Kiswahili, na mjadala wa guni utakuwa na nyama.

Spenser ndiye atakayekukwaza. Norton imeiacha tahajia yake ya zamani, ilhali waandishi wenzake wamesahihishwa kwa tahajia ya leo. Si uzembe wa wahariri: alizeesha lugha yake kwa makusudi, ili isikike kama ya enzi za Chaucer. Katika chapa za kale u na v hubadilishana, hivyo "loue" ni love na "vpon" ni upon. Ubeti wake una mistari tisa, minane ya mizani kumi na wa tisa wa kumi na mbili, na vina ababbcbcc. Kitabu cha Kwanza cha Faerie Queene kina sehemu kumi na mbili. Sehemu moja kwa siku, usizidishe, la sivyo majoka na wanawake wenye nyuso mbili watakuchanganyikia.

Upande wa tamthilia B ni ya kuaminika nusu. Zile za Shakespeare zilizochaguliwa hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo tazama yaliyomo kabla ya kulipa. Doctor Faustus ya Marlowe nayo ina sura mbili, ya 1604 na ya 1616, na zinatofautiana matukio mazima. Muulize mhadhiri anafundisha ipi. Kwa Shakespeare, maandishi ya maktaba ya Folger yako bure mtandaoni na yana nambari za mistari. Kwa Chaucer, tovuti ya Harvard ina tafsiri chini ya kila mstari. Kwa vitu vya Enzi za Kati vilivyoachwa nje ya Norton, mfululizo wa TEAMS wa Chuo Kikuu cha Rochester uko wazi, na kamusi kubwa ya Kiingereza cha Kati ya Chuo Kikuu cha Michigan haidai hata senti. Pakua mapema usiku, bando likiwa rahisi, usitegemee mtandao ukiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Kununua na kutunza

Kwenye kibanda cha vitabu vya mkono wa pili, usianze na jalada. Fungua katikati, penye Dibaji ya Chaucer. Hapo ndipo kila mwanafunzi aliyetangulia alipokandamiza kitabu, na ndipo gundi ya mgongo inapoachia kwanza. Shika kurasa kumi za hapo uzitikise polepole. Zikicheza, zitakutoka mwezi wa pili. Pekua mwisho wa kila mwandishi mkubwa kuona kama kuna kurasa zilizokatwa kwa wembe. Nusa. Kitabu kilichokaa Mombasa bila hewa hunuka kuvu, na madoa ya kahawia kingoni si uchafu wa kufuta. Vijishimo vya mviringo mgongoni vina maana kuna mdudu, na mdudu huyo atahamia kwenye vitabu vyako vingine. Matoleo mapya huja na msimbo wa kufungulia nyenzo za mtandaoni. Kwenye kitabu kilichotumika mara nyingi umeshatumiwa, usikubali kuulipia.

Chapa ya zamani ya juzuu moja, inayobeba kila kitu hadi karne ya 18, ina zaidi ya kurasa 2,500. Ni rahisi kwa bei, lakini ni matofali. Haiingii kwenye mkoba wa kawaida na haikai wazi mezani bila kushikwa.

Fotokopi ni balaa kwa kitabu hiki. Karatasi ikiwa nyembamba, maandishi ya nyuma hupenya na kutokea kama kivuli. Mpe fundi karatasi nyeusi aiweke nyuma ya kila ukurasa unaonakiliwa, kivuli kitapungua sana. Tatizo la pili halina dawa nyepesi: maana za maneno ziko kulia kila ukurasa, kwa hiyo kwenye kurasa za mkono wa kushoto ziko karibu na mshono. Mashine huzimeza. Ukibinya kitabu ili zionekane, unauvunja mgongo. Unatoka na nakala yenye Chaucer bila maana zake, yaani umelipia kile kinachopatikana bure. Na tafsiri za Heaney na Armitage bado zina hakimiliki. Duka likikataa kukutolea juzuu nzima, lina haki.

Nyumbani, kiweke kimesimama, vidole vinne mbali na ukuta, hasa ukuta unaopigwa na kusi. Usikifunge kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na unyevu, utafuga kuvu. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya viweke rafuni nyuma yake.

Muuzaji huenda akakwambia A, B na C ni pakiti moja, haziachanishwi. Mchapishaji huziuza hivyo kweli, lakini C inaanza mwaka 1660. Somo hili halina haja nayo, isipokuwa kama unaendelea na karne ya 18. Mwambie aiweke kando na apige hesabu upya ya mbili. Akikataa, uliza bei ya A peke yake. Mara nyingi hiyo ndiyo iliyochoka zaidi, na ndiyo anayotaka imwondokee.